JOHN BACKUS: MTORO WA MASOMO ALIYEIPA KOMPYUTA SARUFI

Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili la chama chetu cha Kiswahili huwa mnatafuta mashairi na vitendawili kwanza. Leo naomba mnivumilie kidogo, kwa maana nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakujua hata neno moja la Kiswahili, lakini kazi yake ni ile ile ambayo mwalimu wetu hutupa kila Ijumaa: kuchanganua sentensi. Mtu huyo ni John Backus, Mmarekani. Alifariki mwaka wa 2007, kabla wengi wetu wa Kidato cha Tatu hatujazaliwa.

Nilimjua kwa njia ya aibu. Muhula wa kwanza tulikuwa katika maabara ya kompyuta, watu watano kwenye mashine moja. Zamu yangu ilipofika niliandika programu fupi ya Pascal ya kujumlisha alama za mtihani. Mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Wenzangu wakaanza kunung'unika eti nawamalizia wakati. Kumbe nilikuwa nimesahau nukta-mkato moja tu! Nilikasirika sana. Nilimwambia mwalimu kwamba binadamu yeyote angenielewa bila hiyo alama, na kwamba mimi naliacha somo hili. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nawajua watu waliotunga kanuni hizo, kisha akaniazima kitabu. Ndipo nilipokutana na Backus.

John Backus alizaliwa tarehe 3 Desemba 1924 katika mji wa Philadelphia, Marekani, akalelewa Wilmington, jimbo la Delaware. Nyumba yao haikuwa ya shida ya fedha. Baba yake alikuwa amesomea kemia, kisha akaingia katika biashara ya hisa akafanikiwa. Kijana John alipelekwa shule ya bweni ya watu wenye uwezo, iitwayo Hill School, huko Pennsylvania.

Sasa mngetarajia niseme kwamba alikuwa wa kwanza darasani kila muhula. La hasha! Jamaa alikuwa mtoro wa vitabu. Mtihani baada ya mtihani alianguka, na kila mwaka ilibidi apelekwe shule ya likizo huko New Hampshire ili afidie aliyoyakosa. Na hata huko alifurahia zaidi kusafiri kwa mashua kuliko kusoma. Hatimaye alijikokota akamaliza mwaka wa 1942.

Baba yake alitaka mwanawe asomee kemia kama yeye. Akaingia Chuo Kikuu cha Virginia. Nadharia za kemia hakuzichukia, lakini maabara hakuipenda kabisa. Akaanza kukosa vipindi kimoja kimoja, mpaka mwishowe akawa anahudhuria kipindi kimoja tu kwa wiki, nacho kilikuwa cha kusikiliza muziki. Wakuu wa chuo walichoka naye. Mwaka wa 1943 masomo yake pale yakakoma, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akachukuliwa jeshini.

Wahenga walisema kwamba Mungu hamtupi mja wake. Jeshini walimfanyia mitihani ya akili, na matokeo yake yakawashangaza wakubwa. Badala ya kumpeleka vitani wakampeleka chuo kikuu huko Pittsburgh asomee uhandisi. Akapewa mtihani mwingine wa kupima uwezo wa kusomea udaktari, huo nao akaupita vizuri. Basi akahamishiwa masomo ya utabibu, na sehemu ya kazi yake ikawa hospitalini.

Akiwa huko kwenye kuwatibu wengine, iligunduliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na uvimbe kwenye mfupa wa fuvu la kichwa. Hebu fikirini, kijana wa miaka ishirini hivi anaambiwa habari kama hiyo. Alipasuliwa, na pale mfupa ulipotolewa akawekewa bamba. Baadaye bamba hilo halikumfaa, ikabidi apasuliwe mara ya pili awekewe jingine, na inasimuliwa kwamba hilo la pili alisaidia yeye mwenyewe kulisanifu. Akajaribu kuendelea na udaktari mjini New York kwa miezi tisa hivi, akaona kwamba ni kukariri tu majina ya mifupa na mishipa. Akaacha.

Kwa hiyo mwaka wa 1946, vita vimekwisha, John Backus alikuwa na umri wa miaka 21, ana bamba kichwani, ameacha kemia, ameacha uhandisi, ameacha udaktari. Angekuwa kijijini kwetu wazee wangekwisha kuitisha kikao juu yake.

Alipanga chumba kidogo New York. Hakujua anataka nini maishani isipokuwa jambo moja: alitaka redio nzuri ya kupigia muziki. Basi akajiunga na chuo cha mafundi wa redio. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwalimu wake mmoja alimwomba amsaidie kupiga hesabu za kuchora jinsi kikuza sauti kinavyofanya kazi. Hesabu zenyewe zilikuwa ndefu na za kuchosha, lakini Backus alishangaa kuona kwamba anazifurahia. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba hisabati ina kazi! Akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya kwanza mwaka wa 1949 na ya pili, ya hisabati, mwaka wa 1950.

Hata kazi aliipata kwa bahati. Siku moja alipita kwenye jengo la kampuni ya IBM mjini New York, mahali walipokuwa wakiwaonyesha wapita njia kompyuta yao kubwa iliyojaza chumba kizima. Akamwambia dada aliyekuwa akiwatembeza wageni kwamba anatafuta kazi. Dada yule akampeleka moja kwa moja kwa mkubwa. Backus alikuwa amevaa ovyo, shati limechakaa, wala hakujiandaa. Akapewa fumbo la hesabu, akalifumbua, akaajiriwa papo hapo. (Nyinyi mnaokwenda kutafuta kazi baada ya Kidato cha Nne, tafadhali chomekeni shati. Bahati haiji mara mbili.)

Wakati ule kuiandikia kompyuta maagizo ilikuwa adhabu. Mashine haikuelewa maneno. Ilibidi mtu aandike tarakimu na vifupisho, hatua baada ya hatua, akumbuke kila kitu kimewekwa wapi ndani ya mashine. Hesabu ambayo wewe unaiandika kwa mstari mmoja ilichukua mistari mingi. Backus na wenzake walikadiria kwamba hata robo tatu ya gharama ya kutumia kompyuta ilikuwa inaishia kwenye kuandika programu na kutafuta makosa.

Mwishoni mwa mwaka wa 1953 Backus alimwandikia mkubwa wake barua akiomba ruhusa ya kutengeneza lugha ambayo mtu angeandika fomyula karibu kama anavyoiandika daftarini, kisha kompyuta yenyewe ijitafsirie. Akaruhusiwa. Lugha hiyo ikaitwa FORTRAN, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kutafsiri fomyula. Na ile programu inayofanya kazi ya kutafsiri huitwa kompaila. Kompaila ni kama mkalimani aliyekaa kati ya mwandishi na mashine.

Alikusanya kikundi cha watu kama kumi, wengi wao vijana. Mmoja alikuwa msichana aliyetoka chuoni, Lois Haibt, ambaye alifanya sehemu muhimu ya kazi hiyo. Wasichana wa shule yetu mnaodhani kompyuta ni ya wavulana, mmesikia? Kwa kuwa mchana mashine ilikuwa na shughuli nyingine, walikodi vyumba katika hoteli iliyokuwa karibu, wakalala mchana na kufanya kazi usiku. Kila wakiulizwa watamaliza lini walijibu kwamba ni miezi sita hivi. Miezi sita ikapita, wakasema miezi sita mingine. Kazi ilikamilika mwaka wa 1957, ikiwa na maagizo ya mashine kama 25,000.

Mwezi wa Aprili mwaka huo kompaila ya FORTRAN ilipelekwa kwa wateja. Maabara moja karibu na Pittsburgh ililetewa boksi la kadi zilizotobolewa, bila kitabu cha maelezo. Wataalamu wa huko wakajaribu programu yao ya kwanza. Mashine ikafikiri, kisha ikachapisha ujumbe kwamba kuna kosa: baada ya mabano katika sentensi fulani hapakuwa na koma. Koma moja! Nilipofika hapo katika kitabu nilicheka peke yangu hadi mamangu akaniuliza kulikoni. Kumbe kosa langu la maabara lilikuwa na ukoo mrefu.

Lakini wasomaji, koma si mchezo. Katika FORTRAN ya zamani, mashine ilipuuza nafasi zilizoachwa kati ya maneno. Ukiandika

DO 10 I = 1,10

ulikuwa unaiambia mashine irudie kazi fulani mara kumi. Lakini kidole kikiteleza ukaweka nukta badala ya koma, ukaandika

DO 10 I = 1.10

mashine haikulalamika hata kidogo. Iliunganisha maneno ikapata jina jipya, DO10I, kisha ikalipa thamani ya moja nukta moja. Hakuna kurudia, hakuna onyo, na majibu yanatoka ya uongo. Kwa hiyo kosa baya zaidi si lile ambalo mashine inalikataa. Kosa baya ni lile ambalo mashine inalielewa vingine, nawe hujui.

Hapo ndipo suala la sarufi linapoingia, na hapo ndipo naomba wanachama wa Chama cha Kiswahili mkae wima.

Mwaka wa 1958 wataalamu wa Ulaya na Marekani walikutana Zurich, Uswisi, ili watunge lugha moja ya kompyuta itakayotumiwa na mataifa yote, si mali ya kampuni moja. Baadaye lugha hiyo ikaitwa ALGOL. Backus alikuwa mmoja wao. Walikubaliana mengi, lakini waliporudi nyumbani ikaonekana kwamba kila mmoja anayaelewa makubaliano kwa njia yake. Kanuni zilikuwa zimeelezwa kwa maneno ya kawaida, na maneno ya kawaida yana mianya. Si mnajua sentensi kama hii hupenda kuletwa mtihanini: Wanjiku alimpigia Otieno mpira? Je, aliupiga mpira kuelekea kwa Otieno, au aliupiga kwa niaba yake? Sisi tunapewa alama kwa kuonyesha maana zote mbili. Kompyuta haiwezi kupewa maana mbili. Sharti iwe na moja.

Backus akaona dawa ni kuandika sarufi ya lugha hiyo kwa alama, si kwa maelezo. Wazo lenyewe alilichota katika kazi ya mwanahisabati Emil Post. Mwezi Juni 1959 alilitoa katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris. Wengi hawakulitilia maanani. Lakini huko Copenhagen, Denmark, alikuwako Peter Naur, mtu aliyekuwa amesomea elimu ya nyota, ambaye alipoisoma karatasi ile alitambua mara moja kwamba ni dhahabu. Akabadilisha baadhi ya alama ziwe rahisi kusomeka, akaitumia kuandika rasimu ya kanuni zote za ALGOL. Mwezi Januari 1960 watu 13 walikutana Paris wakaipitia rasimu hiyo, na ripoti ikachapishwa mwaka huo huo.

Je, alama zenyewe zikoje? Nyinyi mnazijua tayari! Mwalimu akitupa sentensi Mtoto mdogo analia, huwa tunaandika kwa mishale hivi:

S → KN + KT
KN → N + V
KT → T

Yaani sentensi ni kikundi nomino na kikundi tenzi, kikundi nomino ni nomino na kivumishi, na kadhalika hadi tufike kwenye maneno yenyewe. Backus alifanya vivyo hivyo kwa lugha ya kompyuta. Tuchukue mfano wa nambari. Kwa mtindo wake ungeandika:

<tarakimu> ::= 0 | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 | 7 | 8 | 9
<nambari> ::= <tarakimu> | <nambari> <tarakimu>

Ile alama ya nukta mbili mbili na sawasawa maana yake ni kwamba kitu cha kushoto kinaundwa kwa vya kulia. Kile kijiti kilichosimama maana yake ni au. Sasa isomeni kanuni ya pili polepole. Inasema nambari ni tarakimu moja, au ni nambari nyingine iliyofuatwa na tarakimu. Tujaribu 254. Hiyo 2 ni tarakimu, basi ni nambari. 25 ni nambari iliyofuatwa na tarakimu, basi nayo ni nambari. 254 ni nambari 25 iliyofuatwa na 4, basi ni nambari. Kwa mistari miwili tu umeeleza nambari zote duniani zisizo na desimali, hata zile ambazo hakuna mtu atakayeishi kuzihesabu! Na ukileta 2A4, kanuni inaikataa, kwa sababu A si tarakimu. Hakuna kubishana.

Mtindo huu mwanzoni uliitwa kwa jina la Backus peke yake. Mwaka wa 1964 mtaalamu Donald Knuth alipendekeza jina la Naur liongezwe, na ndivyo unavyojulikana mpaka leo. Mwaka wa 1967 mwingine akapendekeza uongezwe jina la Panini, mwanasarufi wa India ya kale aliyeieleza lugha ya Kisanskriti kwa kanuni karibu elfu nne, mamia ya miaka kabla ya Kristo. Jina hilo halikushika sana, lakini mimi linanifurahisha. Linaonyesha kwamba wana-lugha walifika kwanza.

Msidhani kwamba alama ziliumaliza utata wote. Kuna fumbo moja mashuhuri ambalo nitaliweka kwa Kiswahili. Tuseme naibu wa mwalimu mkuu ameacha agizo ubaoni:

Mvua ikinyesha, mwalimu akiwepo someni darasani, la sivyo nendeni nyumbani.

Swali: hiyo la sivyo ni ya nani? Kama ni ya mwalimu, basi tunakwenda nyumbani mvua ikinyesha na mwalimu asipokuwepo. Mvua isiponyesha, hatukuambiwa lolote. Kama ni ya mvua, basi tunakwenda nyumbani mvua isiponyesha, na ile siku ya mvua isiyo na mwalimu ndiyo haikusemewa kitu. Agizo moja, shule mbili! Darasa moja litabaki, jingine litatoka langoni, na wote watasema wametii.

Watungaji wa lugha za kompyuta walikumbana na fumbo hilo hilo. ALGOL iliamua kwamba sharti moja lisiwekwe wazi ndani ya jingine kwa namna hiyo. Lazima mwandishi alifunge kwa maneno ya kuanzia na kumalizia, kama sisi tunavyotia mabano. Pascal na C ziliamua kwamba la sivyo ni ya sharti lililo karibu nayo zaidi. Uamuzi wowote unafaa, mradi umeandikwa na wote waufuate. Ripoti ya ALGOL yenyewe ilibidi isahihishwe, na toleo jipya likatoka mwaka wa 1963. Hata baada ya hapo, mwaka wa 1967, Knuth aliandika makala nzima kuorodhesha matatizo yaliyosalia.

Kwa nini? Kwa sababu sarufi ya alama inaeleza umbo tu, haielezi maana. Jiwe limekunywa chai ni sentensi safi. Upatanisho wa kisarufi umekaa sawa, na ngeli ya LI-YA haina lawama. Lakini ni jiwe gani hilo lenye koo? Maana iliendelea kuelezwa kwa maneno, na palipo na maneno pana wafasiri.

FORTRAN nayo ilipita njia hiyo. Kampuni nyingine ziliiga lugha hiyo, kila moja ikaongeza chumvi yake, mpaka zikawa lahaja. Programu iliyokubalika kwenye mashine hii ilikataliwa kwenye ile. Hapo nilikumbuka somo letu la historia ya Kiswahili: Kimvita, Kiunguja, Kiamu, na ile kamati iliyoundwa mwaka wa 1930 kusimamia Kiswahili sanifu. Mwaka wa 1966 Marekani ilitoa FORTRAN sanifu, na hiyo ndiyo ikawa lugha ya kwanza ya programu kuwa na usanifu rasmi. Na baada ya kutolewa, watu wakaanza kuuliza: kifungu hiki kina maana gani? Neno hili ni amri au ni ruhusa? Ikabidi yachapishwe maelezo ya ufafanuzi mwaka wa 1969, na mengine mwaka wa 1971. Mnaona basi? Hata kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya mashine zilihitaji watu wakae mezani wazisome neno kwa neno, kama walimu wetu wanavyobishana juu ya ngeli wakati wa kusahihisha.

Nirudi kwa Backus. Heshima zilimjia. Alipewa nishani ya taifa ya sayansi mwaka wa 1975, na mwaka wa 1977 akapata tuzo ya Turing, ambayo katika elimu ya kompyuta hakuna kubwa kuliko hiyo. Mtu aliyetuzwa kwa ajili ya FORTRAN ungedhani angepanda jukwaani kuisifu. Wapi! Alisimama akaeleza kasoro za lugha za aina ile ile aliyoianzisha. Alisema zinanenepa bila kupata nguvu, na kwamba zinamlazimisha mtu afikiri hatua kwa hatua kama mashine badala ya kufikiri kama mwanahisabati. Akapendekeza njia nyingine ya kuandika programu kwa kuunganisha vitendo vizima. Aliitafiti njia hiyo kwa miaka mingi. Haikuwa maarufu kama FORTRAN, lakini iliwaamsha watafiti wengi walioifuata. Mimi hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Ni wangapi wetu wanaoweza kulikosoa jengo walilolijenga wenyewe, tena siku ya kushangiliwa?

Alistaafu mwaka wa 1991. Akafariki tarehe 17 Machi 2007 huko Ashland, jimbo la Oregon, akiwa na umri wa miaka 82.

Sasa wasomaji, tuambiane ukweli kabla sijaweka kalamu chini. Nilipowasimulia wenzangu habari hizi njiani kuelekea nyumbani, mmoja alifurahi mno, akasema kumbe kuanguka mtihani si hoja, hata mabingwa walianguka. Nilitafakari maneno hayo usiku kucha. Sikubaliani naye. Backus alipofeli, baba yake alikuwa na fedha za shule ya likizo. Alipoacha chuo, jeshi likamrudisha chuoni. Alipoacha udaktari, kulikuwa na chuo cha redio kikimngoja. Kila mlango uliofungwa ulikuwa na mwingine kando yake. Sisi wa shule ya kutwa, tunaotembea asubuhi na giza na kusomea kwenye meza ya kulia chakula, hatuna milango mingi kiasi hicho. Tukiuacha huu, hatujui kama kuna mwingine. Kwa hiyo tusiuige utoro wake.

Tuige nini basi? Kwanza, tujue kwamba mtu kutopenda somo huenda ni kwa kuwa hajaonyeshwa kazi yake. Backus alikaa na hisabati miaka mingi kama wageni wawili, mpaka ilipomfaa kwenye redio. Pili, tusidharau vitu vidogo. Koma, nukta, la sivyo, kiambishi kimoja tu katika neno, hivyo ndivyo vinavyoamua kama tumeelewana au tumepotezana. Na tatu, ukitunga kanuni, iandike ili hata asiyekujua, aliye mbali, aielewe kama ulivyoikusudia. Kiranja ukiandika orodha ya zamu za kufagia, kumbuka hilo!

Na ile programu yangu? Nilirudi maabarani wiki iliyofuata, nikaweka nukta-mkato mahali pake. Ikatii. Ikajumlisha alama za watu watano wa mashine yetu. Zangu ndizo zilizokuwa za chini kabisa, lakini hesabu ilikuwa sahihi. Somo sikuliacha.

Kama kuna koma iliyopotea, basi lawama ni yangu, si ya mashine.

Kwaherini, tuonane mwakani, Mungu akipenda.

Mwanachama, Kidato cha Tatu